Ukakamavu wa akili kwa wanamichezo: mnayoniuliza kila mara kuhusu mafunzo ya makomando

Maswali haya yamekusanyika kwa miaka kadhaa. Mengine niliulizwa pembeni ya uwanja, mengine usiku kwenye WhatsApp baada ya timu kufungwa bao la dakika ya tisini. Mimi ni kocha, si mwanajeshi. Nafundisha wakimbiaji na timu moja ya wasichana hapa Arusha, na mambo ya jeshi nimeyafuatilia kwa sababu kila msimu kuna kiongozi anayekuja na wazo lilelile: "Kocha, hawa vijana ni laini, wapelekwe porini."

Ukakamavu wa akili ni nini hasa? Ni kutosikia maumivu?

Hapana, maumivu yanasikika vizuri sana. Ukakamavu ni kufanya ulichofundishwa wakati mwili na moyo vinakutaka ufanye kingine. Chukua beki wa kati. Anajua kabisa kwamba dakika ya mwisho, mkiwa mnaongoza kwa bao moja, mpira ukiingia kwenye boksi unapigwa nje na maisha yanaendelea. Lakini anapata wenge, anautuliza kifuani mbele ya mshambuliaji, na kipenga cha mwisho kinalia mkiwa sare. Ujuzi alikuwa nao. Ulimkimbia kwa sekunde mbili tu, na ndizo zilizokuwa zinahitajika.

Shida ya askari ni hiyohiyo, ila kwake kosa linaua. Ndiyo maana majeshi yamehangaika nayo kwa muda mrefu, na ndiyo maana kuna cha kujifunza kwao.

Michezo na jeshi vinahusiana vipi? Si tunalazimisha?

Kwa Afrika Mashariki uhusiano huo ni wa zamani. Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 na tena Tokyo mwaka 1964, alikuwa askari wa kikosi cha ulinzi cha mfalme Haile Selassie. Mamo Wolde, bingwa wa Mexico 1968, alitoka kikosi hichohicho. Paul Tergat, aliyevunja rekodi ya dunia Berlin mwaka 2003 kwa saa 2:04:55, alikuwa Jeshi la Anga la Kenya. Na wa kwetu, Alphonce Simbu, askari wa JWTZ: tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo alikimbia kilomita 42 na ushei, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48.

Ila msiichukue vibaya orodha hiyo. Hawa hawakushinda kwa kuwa walikula doso sana depo. Majeshi yetu huwapa wanariadha mshahara, muda wa mazoezi na wenzao wa kukimbia nao kila asubuhi. Mtu asiyewaza kodi ya nyumba hukakamaa akili upesi kuliko mwenye deni dukani, na hilo mara nyingi tunalisahau tunapowaita vijana wetu laini.

Tumesikia kuhusu ile "Wiki ya Jehanamu" ya makomando wa Marekani. Tukiifanya na sisi, hata siku tatu tu, si itatujenga?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Wiki yenyewe iko kweli. Wanaotaka kuingia Navy SEALs hupelekwa Coronado, California, na katika hatua ya kwanza ya kozi yao huwekwa kwenye mazoezi ya siku tano na nusu, kwenye mchanga na maji baridi ya Pasifiki, wakilala saa nne hivi tu kwa wiki nzima. Kuna kengele uwanjani. Anayeshindwa anaigonga mara tatu, anaweka kofia yake kwenye mstari, anaondoka. Wengi huondoka.

Sasa jiulize kengele ile ni ya nini. Ni chujio. Jeshi lina watu wengi waliojitolea na nafasi chache, linataka kujua nani atabaki. Chujio halitengenezi unga, linatenga tu unga na pumba. Kazi ya kumfundisha komando inakuja baadaye: kupiga mbizi, silaha, miamvuli, kisha miaka ya kurudia jambo moja mpaka mkono unalifanya wenyewe. Sisi tunaiona video ya dakika tatu ya watu wanaolia baharini, tunadhani hiyo ndiyo shule.

Na wewe kocha wa timu ya mtaa huna watu mia wa kuchuja. Una ishirini na wawili, na kipa mmoja.

Afrika Kusini walishajaribu. Septemba 2003, kabla ya Kombe la Dunia la raga, Springboks walipelekwa kambi iliyoitwa Staaldraad, waya wa chuma. Wachezaji wa timu ya taifa walivuliwa nguo, wakaingizwa kwenye bwawa la maji ya baridi kali wajaze mipira upepo chini ya maji, wakarundikwa uchi ndani ya shimo na kumwagiwa maji. Miezi miwili baadaye, Novemba 8, walitolewa robo fainali na New Zealand kwa 29 kwa 9. Picha za kambi zikavuja magazetini, na kocha akaondoka. Miaka minne baada ya hapo Springboks wakachukua kombe bila bwawa wala shimo.

Waingereza nao mwezi Juni 2017 waliipeleka timu yao ya taifa ya soka kwa makomando wa Royal Marines, Lympstone, kwa siku mbili. Mwaka uliofuata waliifunga Colombia kwa penalti 4 kwa 3, mara yao ya kwanza kushinda kwa mikwaju kwenye Kombe la Dunia, na watu wakasema unaona, kambi ya jeshi hiyo. Lakini Gareth Southgate, ambaye mwenyewe alikosa penalti nusu fainali ya Euro 1996, alikuwa amewafanyisha wachezaji wake mazoezi ya penalti kwa miezi kadhaa, wakiwa wamechoka, pamoja na ule mwendo wa upweke wa kutoka katikati ya uwanja. Siku mbili za matope zilikuwa za kujuana. Penalti walijifunza kwenye penalti.

Mimi mwenyewe nilikosea hapa. Msimu mmoja niliikodia timu yangu "kambi ya kijeshi" ya siku nne milimani. Siku ya pili usiku tuliwaamsha wasichana saa nane wabebe magogo kwenye mvua. Nilijisikia mkali sana. Tuliporudi, watatu hawakuonekana tena mazoezini, na mmoja wao alikuwa ndiye kipa. Nilipomfuata nyumbani alikuwa anachambua mchele barazani, hakuinua kichwa. Akaniambia: "Kocha, mimi nilikuja kudaka mpira."

Basi wanachofundishwa makomando, mbali na mateso, ni nini?

Ukiondoa silaha, kwenye upande wa akili kinachofundishwa ni mambo manne: kulenga karibu, kupita njia akilini kabla ya kuipita kwa miguu, kujisemesha, na kuitawala pumzi kwa kile kinachoitwa pumzi ya mraba.

Kulenga karibu ni hivi. Waliomaliza ile wiki ya Coronado wengi husema hawakuwaza Ijumaa. Waliwaza mlo unaofuata, maana hulishwa kila baada ya saa sita. Mkimbiaji wa kilomita kumi anayewaza kilomita kumi anakata upepo ya tatu. Mwambie awaze mti ule, kisha duka la Vodacom, kisha kona.

Kupita njia akilini ndiko ninakokupenda zaidi, na mfano wake bora ni Bikila. Kabla ya mbio za Roma, yeye na kocha wake Onni Niskanen waliikagua njia kama askari wanaopeleleza eneo la adui. Karibu na mwisho waliona mnara wa Aksum, ule ambao Waitalia waliuchukua Ethiopia miaka ya 1930 wakausimamisha Roma. Wakakubaliana: hapa ndipo pa kuondokea. Usiku wa Septemba 10, 1960, Bikila peku, Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco ubavuni, mnara ukatokea gizani, akaondoka. Alimwacha kwa sekunde 25. Wakati ule hakuhitaji kufikiri chochote. Uamuzi ulikuwa umefanywa siku kadhaa nyuma, akiwa ametulia.

Kwa hiyo mchezaji wangu akisema "nimejiona akilini nimeshika kombe", namwambia hiyo ni ndoto, achana nayo. Nataka ajione akifanya kitu kidogo chenye shida: umefungwa bao dakika ya tano, mashabiki wanazomea, unauchukua mpira wavuni, unatembea nao mpaka katikati, unampa nani pasi ya kwanza?

Hiyo pumzi ya mraba inafanywaje?

Vuta kwa pua ukihesabu nne, bana nne, toa nne, kaa nne. Rudia mizunguko minne au mitano. Inaitwa mraba kwa sababu pande zote ni sawa. Kazi yake ni kuupa moyo sababu ya kutulia na kukipa kichwa kitu cha kuhesabu badala ya kuhesabu balaa. Ifanye kabla ya mechi, au kabla ya kupiga faulo. Ukiwa unakimbia usiibane pumzi, linganisha tu na hatua: vuta hatua tatu, toa hatua tatu, punguza kadiri kasi inavyopanda. Vijana waliokulia kwenye mchakamchaka wanalijua hili bila kuambiwa, maana huwezi kuitikia wimbo huku unahema ovyo.

Onyo moja, hasa kwa ndugu zangu wa Tanga, Unguja na Mombasa: mazoezi ya kubana pumzi hayafanywi majini, hata kwa mzamiaji hodari, hata kwa utani. Mtu huzimika chini ya maji bila dalili yoyote na anazama kimyakimya.

Najisemea "naweza, naweza" lakini mwenyewe siamini. Nakosea wapi?

Kwenye "naweza". Ni neno kubwa mno na moyo wako unajua kuwa si lazima liwe kweli. Makomando wakiwa kazini hawajitii hamasa, hujipa maelekezo. Mpiga shabaha anajiambia: pumua, shika, bonyeza taratibu. Wewe jiambie: mabega chini, tupa mkono, macho kwa mgongo wa mbele. Maelekezo hayahitaji imani, yanahitaji kutekelezwa. Tafuta maneno mawili matatu yako, ya lugha unayoota nayo. Binti mmoja wangu hujisemea kwa Kimeru na sijawahi kumuuliza maana yake.

Mchezaji wangu mazoezini simba, kwenye mechi paka. Nifanyeje?

Mazoezi yako hayafanani na mechi, ndiyo sababu. Askari hufanyishwa zoezi lilelile kwanza mchana akiwa mzima, kisha usiku, kisha amechoka, kisha na kelele, ili siku ya siku isiwe na mgeni. Sisi penalti tunapiga mwisho wa mazoezi, watu wanacheka, anayekosa anapiga nyingine.

Ninavyofanya sasa: Jumatano, baada ya mbio fupi kumi, kila mmoja anapiga penalti moja tu. Moja. Anatoka mstari wa kati peke yake, wenzake wamesimama wamekaa kimya, na kukaa kimya kunatisha kuliko kuzomewa. Akifika anaweka mpira mwenyewe, anageuza ile sehemu ya valvu imtazame, anarudi hatua nne, anapumua mara moja, anapiga. Akikosa, zamu yake ni Jumatano ijayo, anakwenda nyumbani nayo. Wiki za kwanza walikuwa wanapiga mbio mbio ili yaishe. Siku hizi namwona nahodha wangu akisimama juu ya mpira, refa wangu wa kuigiza ameshapuliza, na yeye bado anamalizia pumzi yake.

Ona kwamba sijampiga mtu wala kumnyima usingizi. Presha ipo, tena ya kutosha, ila ni presha ya kazi yenyewe.

Simu kabla ya mechi inaharibu kweli, au ni wivu wa wazee?

Inaharibu. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake huko Wales walichukua watu 16, wakawapa kazi ya kuumiza kichwa kwa dakika 90, kisha wakawapandisha baiskeli ya mazoezi wakanyage mpaka washindwe. Walishindwa mapema kuliko siku waliyotazama filamu tulivu tu. Moyo na misuli havikuwa na tatizo, ila kazi waliiona nzito kuliko ilivyo. Sasa piga picha kijana aliyejibizana na watu Instagram toka Moshi mpaka Dodoma ndani ya basi. Kwenye timu yangu simu zinaingia kwenye kapu moja saa mbili kabla ya mechi. Kapu ni la nyanya, na analibeba kocha msaidizi.

Makomando hawalali. Nasi tupunguze usingizi tuzoee?

Hapana. Hakuna anayezoea kukosa usingizi, mtu anazoea tu kufanya vibaya bila kujigundua. Laleni.

Nitajuaje wakati wa kukaza na wakati wa kuacha? Akhwari si alimaliza na goti limeumia?

Alimaliza. Mexico, Oktoba 1968, John Stephen Akhwari alianguka kwenye msongamano, akaumia goti na bega, akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde, watu wengi wameshaondoka. Alipoulizwa alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kuanza mbio, ilimtuma azimalize. Namheshimu kuliko mwanamichezo yeyote wa nchi hii, na bado simtumii kama kanuni. Yale yalikuwa mashindano ya Olimpiki, mtu mzima ameamua kwa ajili ya nafsi yake. Hayakuwa mazoezi ya Jumanne.

Upande wa pili mweke Simone Biles, mchezaji wa jimnastiki wa Marekani. Tokyo mwaka 2021 alijitoa kwenye fainali kadhaa kwa sababu akiwa hewani alikuwa hajui tena yuko upande gani, na ukianguka na kichwa kwenye mchezo ule unaweza kupooza. Aliitwa mwoga na watu waliokaa kwenye sofa. Paris 2024 akarudi na dhahabu tatu. Eliud Kipchoge naye, Paris hiyohiyo, aliacha marathoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, na hakuna mwenye akili atakayemwita laini.

Kipimo changu ni cha kawaida. Maumivu yaliyoenea kwenye misuli ya miguu yote miwili na yanayopanda na kasi na kushuka nayo ni ya kazi, kaza. Maumivu ya sehemu moja, yanayochoma, yanayokubadilishia mwendo, simama. Mtu akianza kupepesuka kwenye jua, kujibu hovyo au kuacha kutoka jasho, mazoezi yamekwisha: kivuli, kumwagiwa maji mwilini, hospitali. Na ukikojoa mkojo wa rangi ya Coca-Cola siku moja mbili baada ya mazoezi mazito, usingoje kesho, misuli inavunjika na figo zako zinazibeba takataka zake.

Tena hata majeshi yenyewe yanapoteza watu hapo. Julai 2013 askari watatu wa akiba wa Uingereza walikufa kutokana na joto kwenye matembezi ya kuchagua watu wa SAS, kikosi chao cha makomando, milima ya Brecon Beacons. Februari 2022 kijana mmoja alifariki saa chache baada ya kumaliza Wiki ya Jehanamu. Alikuwa na nimonia. Hao wana madaktari karibu. Wewe una sanduku la huduma ya kwanza lenye bendeji moja na panya ameshaonja.

Kocha wetu anafoka kama afande. Si ndiyo nidhamu?

Afande wa kuruti anafoka wiki za mwanzo kwa sababu zake. Ukifika kwenye vikosi maalumu, kelele hupungua sana. Jambo ambalo ningependa makocha waibe jeshini ni kikao cha baada ya kazi, ambacho jeshi la Marekani lilikitia utaratibu kwenye uwanja wake wa mafunzo wa Fort Irwin, California. Maswali ni manne: tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini, kesho tunabadili nini. Vyeo vinawekwa pembeni, koplo anaweza kumwambia kapteni alichelewa. Sisi baada ya kufungwa tuna hotuba ya dakika arobaini ya mtu mmoja, wachezaji wanakata majani kwa vidole.

Mara ya kwanza kufanya kikao hicho nilisubiri karibu dakika tatu bila mtu kusema. Kisha winga wa kulia, msichana wa miaka kumi na saba, akasema: "Shikamoo kocha, samahani, lakini ulimtoa Namba Sita mapema." Alikuwa sahihi.

Watoto wa miaka kumi na mbili?

Wacheze. Jeshi lenyewe halichukui watoto. Pumzi ya mraba wafundishe kama mchezo, yatosha.

Na wasichana?

Agosti 2015 Kristen Griest na Shaye Haver walimaliza Ranger School ya jeshi la Marekani, wanawake wa kwanza kufanya hivyo, kwa vipimo vilevile vya wanaume. Naona mjadala umefungwa.

Kuna askari mstaafu mtaani kwetu amejitolea kuifundisha timu "kikomando". Tumkubali?

Mkaribisheni chai kwanza, mwulizeni kazi yake jeshini ilikuwa ipi. Akianza na stori za adhabu, mshukuruni, awe mlezi wa timu, akae jukwaani. Akisema alikuwa mkufunzi wa shabaha, au msomaji wa ramani, au tabibu wa kikosi, huyo mshikeni. Mwombeni aje Jumatano moja bila filimbi, atazame mchezaji wenu mmoja tu kwa saa nzima, kisha awaambieni aliona mikono ya yule mchezaji ilianza kutetemeka dakika ya ngapi.